Kabla hujanunua au kuunganisha kompyuta ya mezani Mombasa

Wengi wakitaka kompyuta ya mezani huuliza kipi rahisi, kununua iliyo tayari au kununua vipuri na kuviunganisha. Ukiwa Mombasa, anza na matengenezo: siku kitu kikiungua, kipuri kitatoka wapi na nani atakitia? RAM (kumbukumbu ya kazi), SSD (hifadhi ya mafaili) na nyaya za kawaida utazipata mjini bila kuhangaika. Bodi kuu ya aina fulani au kadi kubwa ya grafiki, mara nyingi utaambiwa inakuja na basi la usiku kutoka Nairobi. Ikiwa mbovu, irudi huko huko, na wewe ungoje.

Jiulize basi kompyuta itafanya kazi gani, na ujijibu bila kujipamba. Kuandika, hesabu za duka, marejesho ya KRA, masomo ya watoto na filamu ya jioni, yote hayo hubebwa na prosesa ya kawaida, RAM ya GB 16 na SSD. Mtu wa kazi hizo sioni kwa nini ajitie taabu ya kuunganisha. Taabu hiyo inamlipa mhariri wa video za harusi, mchoraji wa majengo na mcheza gemu, kwa sababu pesa zake anazielekeza pale kazi inapolemea.

Iliyo tayari, kwa wengi wetu, ni mtumba kutoka ofisi za ng'ambo, zile ziitwazo ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, ila soma nambari ya prosesa kabla ya kusoma bei. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hudai kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kinga ya usalama ndani ya mashine. Hivyo OptiPlex 7050 na 7060 zinaweza kukaa rafu moja zikafanana kama mapacha, na ya kwanza ikawa tayari imeachwa nyuma. Muuzaji atakwambia Windows 11 imo. Huenda imo kweli, imepenyezwa kwa kukwepa masharti, na sasisho kubwa likija usishangae likigoma.

Iko njia ya tatu inayowavutia vijana: kununua OptiPlex ya mtumba, kisha kuitia kadi ya grafiki. Hapa piga hesabu ya umeme kwanza. Pawa saplai ya mashine hizi za ofisi mara nyingi ni ya wati 200 au 260, ilhali kadi ya RTX 3060 peke yake hula wati 170 na NVIDIA hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Kuibadilisha nako si jambo la kuchomoa na kuchomeka, maana Dell hutumia plagi zake kwenye bodi. Na kasha likiwa dogo, kadi ya kimo kamili haiingii kabisa.

Ukiamua kuunganisha, andika orodha yote kabla hujanunua kipuri cha kwanza. Prosesa na bodi ziwe za soketi moja, yaani tundu inamokaa prosesa; bodi ya AM4 haipokei prosesa ya AM5. RAM ya DDR4 haikai kwenye tundu la DDR5. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi utawasha na kutazama skrini nyeusi. Bei ya RAM nayo uiulize upya, kwani ilipanda vibaya kuanzia mwisho wa 2025, viwanda vilipoelekeza chipu kwenye mitambo ya akili mnemba. Halafu jumlisha wanavyosahau watu: monita, nauli ya mzigo, na leseni ya Windows, ambayo mitumba ya ofisi mara nyingi huja nayo. Vipuri vikiunganishiwa Nairobi, agiza kadi kubwa isafirishwe nje ya kasha. Matuta ya njiani yanaweza kuvunja tundu lake.

Hewa yetu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nyali na Shanzu ni chumvi ya bahari. Changamwe ni vumbi la malori. Vumbi likikutana na unyevu huganda kwenye mapezi ya kipoza joto kiasi kwamba kulipuliza hakutoshi, lazima lisuguliwe kwa brashi. Kwa hiyo usichague kasha kwa taa zake. Tafuta lenye wavu mbele na vichujio vinavyotoka vikasafishwa, na usiliweke chini ya dirisha linalotazama pwani, hasa wakati wa kusi. Machi, chumba kikiwa nyuzi 32, feni haziwezi kuipooza mashine chini ya joto hilo hata ziwe ngapi.

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ya bei ya chini ndiyo hufa, na wakati mwingine huondoka na bodi. Weka fungu la UPS, betri inayoshika mashine umeme ukikatika, tangu mwanzo, na ukumbuke VA si wati: UPS ya 650VA mara nyingi haifiki wati 400. Inatosha ofisi, haitoshi mashine ya gemu. Kama nyumba ni ya zamani, mwite fundi apime waya wa ethi kwanza.

Dukani, omba kasha lifunguliwe. Tazama vichwa vya skrubu nyuma na ndani ya matundu ya USB. Kutu au ukungu wa kijani kwenye shaba ni alama ya mashine iliyokwisha kula chumvi. Iwashe, ingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows, soma prosesa na RAM kwa macho yako, kisha icheze video kwa nusu saa ukisikiliza feni. Lipa kwenye till ya duka, si nambari ya mtu binafsi, na nambari ya mashine iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa waranti. Mwenye duka akikataa kufungua kasha, vuka barabara ujaribu duka jingine.