Jinsi ya Kumkabidhi Paka Wako kwa Kituo cha Uokoaji
Tafadhali usimtupe paka wako katika soko la Marikiti wala katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ukidhani atajilisha kwa vichwa vya samaki, kwani paka aliyelelewa ndani hushambuliwa na paka wa mtaani na huumia vibaya. Kipigie kituo simu mapema, kwa kuwa nafasi huwa chache, na ueleze bila kuficha umri wake, maradhi yake, iwapo amehasiwa na kama huwakwaruza watoto. Ukweli huo ndio utakaompatia nyumba inayomfaa. Chukua kadi yake ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Msafirishe katika kikapu chenye kifuniko, si mikononi ndani ya tuktuk, ukiwa umemtandikia leso aliyozoea kuilalia, maana harufu ya nyumbani humtuliza.