Namna ya Kufuatilia na Kutolea Maoni Mswada wa Silaha katika Jimbo la Texas

Sheria nyingi zinazomgusa mwenye bastola nchini Marekani hutungwa katika majimbo, si Washington, na kwa mkazi wa Texas, awe anatetea haki ya kumiliki silaha au anataka idhibitiwe zaidi, kazi huanza na kalenda. Bunge la jimbo hukutana katika miaka ya namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Anayesubiri mpaka mwezi Mei ndipo ampigie simu mwakilishi wake amekwisha kuchelewa, kwa kuwa miswada mingi huwa imeshafia kwenye kamati.

Tafuta mswada kwa namba yake katika tovuti ya Bunge, kisha usome maandishi yenyewe kabla ya kusoma tangazo la kikundi chochote. Maneno mapya hupigwa mstari chini yake, na yanayofutwa hutiwa ndani ya mabano ya mraba yakiwa yamekatwa katikati. Mara nyingi jambo zima limo katika neno moja lililokatwa. Soma upya kila toleo jipya linapotoka. Mswada namba 1927 wa Baraza la Wawakilishi wa mwaka 2021, ulioletwa na mwakilishi Matt Schaefer, ulirekebishwa na Seneti, baraza la pili la Bunge hilo, hadi ikabidi kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ikae kupatanisha matoleo, na aliyebaki na nakala ya kwanza alikuwa anabishania kitu ambacho hakipo tena.

Siku ya kikao cha kamati, fika Austin katika jengo la Bunge, ujiandikishe kuwa shahidi, na useme kama unaunga mkono, unapinga, au unatoa maelezo tu. Kwa kawaida utapewa dakika mbili au tatu, kwa hiyo taja kifungu unachokilenga na jinsi kitakavyokuathiri. Hotuba ya kuisifu Katiba wajumbe wameshaisikia mara nyingi.

Mswada ukipita, gavana anaweza kuutia saini, kuukataa kwa kura ya turufu, au kuuacha uwe sheria bila saini yake. Angalia tarehe ya kuanza kutumika. Ule wa 2021 ulianza tarehe 1 Septemba, na tangu hapo mtu asiyezuiwa na sheria, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, anaruhusiwa kubeba bastola hadharani bila leseni. Hata hivyo leseni haikufutwa, nayo bado humfaa anayesafiri kwenda majimbo yanayoitambua, na mwenye duka bado anaweza kubandika tangazo la kukataza silaha.

Wasomaji wetu waliopo kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, wakumbuke kwamba sheria ya shirikisho huwakataza kumiliki bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji, na hakuna mswada wa Austin unaoweza kuliondoa katazo hilo.