Hi-Fi Rush: fuata mdundo, usibofye ovyo

Kwenye gemu ya mapigano Hi-Fi Rush (2023), pigo jepesi la Chai, mhusika unayemchezesha, huchukua mdundo 1, zito huchukua 2. Kwa hiyo ukibofya zito, acha mdundo mmoja upite ndipo ubofye tena. Pigo lenyewe hutua kwenye mdundo hata ukikosea, ila ukibofya sawasawa linauma zaidi. Sikio likipotea, mtazame 808, paka wa roboti anayeandamana na Chai: hudunda pamoja na muziki.

Kinachowaponza wengi ni hedifoni za bluetooth. Huchelewesha sauti, na kwa midundo 120 kwa dakika, mdundo mmoja ni nusu sekunde tu. Sauti ikichelewa sekunde 0.2, kombo nzima (mfululizo wa mapigo) inavurugika. Chomeka za waya, washa hali ya gemu kwenye televisheni, kisha rekebisha uchelewaji kwenye mipangilio.