Siku 61 nasari: jinsi ya kukaa hospitalini na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati

Mwanangu wa pili alizaliwa na wiki 29 za mimba, uzito gramu 1,120. Ukitaka kujua ni kiasi gani, shika pakiti ya sukari ya kilo moja mkononi. Tulikaa nasari siku 61. Siku nyingi nililala chumba cha kina mama hapo hapo hospitalini, na wiki mbili za katikati, vitanda vilipojaa, nilikuwa nikivuka feri kutoka Likoni asubuhi na kurudi usiku. Ninamwandikia mama aliyeletwa jana, ambaye bado hata hajui viatu avue wapi.

Siku nne za mwanzo nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa wa jirani. Hakuna aliyenizuia, ni woga wangu tu. Usiku wa nne sista wa zamu akaniambia, "Mamake, osha mikono uje umshike. Sauti yako anaijua." Ningependa uyasikie maneno hayo siku ya kwanza, sio ya nne. Daktari ana watoto ishirini pale ndani, wewe una mmoja. Kazi yako ipo, na hakuna mwingine wa kuifanya.

Kazi yenyewe huanzia kwenye sinki. Vua pete, bangili na saa, kata kucha, osha mpaka kwenye viwiko. Ukishaosha, simu usiishike tena. Maambukizi ndiyo adui mkubwa wa watoto hawa. Halafu jifunze kumgusa. Usimpapase. Ngozi yake ni nyembamba na kupapaswa humshtua. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine kwenye nyayo zilizokunjwa, kisha tulia hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mikono yake iliyokuwa ikitapatapa hewani ilishuka kifuani, akalala.

Maziwa

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu ndipo wengi wetu huvunjika moyo.

Mtoto wa wiki 29 hawezi kunyonya. Kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa mpangilio huja kwenye wiki ya 32 hadi 34 ukihesabu tangu mimba, kwa hivyo maziwa hupita kwenye mpira mwembamba unaoingia puani au mdomoni mpaka tumboni. Lakini matiti yako hayajui hilo. Usipoyakamua yanadhani hakuna mtoto, na maziwa hukauka. Anza mapema, saa chache baada ya kujifungua ikiwa hali yako inaruhusu, na ukamue kila baada ya saa tatu, mara nane kwa siku, usiku pia. Ile ya usiku wa manane ndiyo kila mtu huiruka, na ndiyo inayolinda maziwa yasipungue.

Mimi siku ya kwanza nilipata matone. Matone kweli: yalijaa chini ya bomba la sindano, ya manjano, mazito. Nikaona aibu kumpa sista. Akayapokea kwa mikono miwili, akanieleza kwamba mlo wa kwanza wa mwanangu ni mililita mbili tu, na hizo nilikuwa nazo. Maziwa hayo ya mwanzo humkinga na maradhi ya tumbo yanayoua watoto njiti. Usimwage hata tone.

Namna ya kukamua kwa mkono: nawa, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya duara jeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Usiteleze kwenye ngozi, itachubuka. Ukiona hayatoki, kaa karibu na mtoto umtazame, au nusa kofia yake. Mimi nilikuwa naificha ndani ya mtandio.

Andika jina lako, tarehe na saa kwenye kila kikombe. Wiki ya pili nililetewa habari kwamba maziwa yangu ya usiku yamemwagwa kwa kuwa hayakuwa na jina, na nililia kama nimeibiwa. Nao hawakuwa na njia nyingine, maziwa yasiyojulikana mwenyewe hapewi mtoto yeyote. Tangu siku hiyo nilitembea na plasta na kalamu mfukoni mwa dera.

Kama unatoka nyumbani, beba kwenye kikasha cha barafu. Mwongozo wa kawaida husema maziwa yanaweza kukaa nje ya friji muda wa saa nne kwenye joto la nyuzi 25, lakini Mombasa mwezi wa Februari hupita nyuzi 30, na feri ikichelewa unasimama kwenye banda na watu elfu. Sikuyaacha nje hata kidogo.

Na wewe kula. Mbaazi za nazi, samaki, mchicha, uji wa wimbi, maji mengi. Anayekuuliza "nikuletee nini?" usimjibu "hakuna". Mwambie chupa ya uji saa kumi.

Leso

Daktari akisema mtoto ametulia vya kutosha, omba kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, watoto walipokuwa wengi kuliko inkubeta, yale masanduku ya kuwatia joto, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto njiti abebwe hivyo saa 8 mpaka 24 kwa siku, kuanzia mapema iwezekanavyo. Sio jambo la maskini waliokosa mashine. Joto lako linamtuliza, pumzi zake zinashika mwendo, na maziwa yako yanaongezeka.

Sisi watu wa pwani tumebahatika, kifaa tunacho sandukuni. Chukua leso (kanga) kuukuu iliyofuliwa ikalainika. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mlaze wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeuzwa upande, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isizibe. Kipande kimoja cha leso kikaze mpaka usawa wa chini ya sikio lake, kipande cha pili jifunike. Ukisimama asiteleze hata inchi moja. Baba naye anaweza. Mume wangu alimbeba Jumapili jioni, na hakuongea kwa saa nzima.

Mashine na raundi

Mashine zitalia. Mara nyingi ni waya uliochomoka mguuni. Nilijifunza kumtazama mtoto kwanza, ndipo nitazame namba: je, kifua kinapanda? Midomo ina rangi gani? Watoto hawa huwa wanasahau kuvuta pumzi kwa sekunde kadhaa, na pengine kumsugua unyayo tu kunamkumbusha. Mwite sista hapo hapo, na utamwona akifanya hivyo. Kitufe cha oksijeni usikiguse kamwe, hata ukiona anahangaika. Oksijeni ikizidi huharibu macho ya njiti.

Nunua daftari la shule. Mimi nilipiga mistari: uzito, maziwa, kinyesi, dawa, alichosema daktari. Raundi ya madaktari hupita haraka, na ukiwa na usingizi wa saa mbili huwezi kukumbuka hata jina la dawa. Andika maswali yako usiku, matatu yatosha. Uzito utashuka siku za mwanzo kisha urudi ule wa kuzaliwa karibu na wiki mbili, usiogope. Baada ya hapo hutazamiwa aongeze kiasi cha gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku. Mwanangu akiwa na 1,200, hizo ni gramu 18. Siku tatu mfululizo hakuongeza, nikamwonyesha daktari daftari, maziwa yakapandishwa. Uliza pia kipimo cha macho, ambacho hufanyika karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa, na cha masikio.

Jamaa

Watu watakwambia wa miezi saba huishi, wa minane hufa. Si kweli. Kila wiki anayokaa tumboni humwongezea nguvu.

Mavyaa wangu alikuja na asali, hirizi na uvumba, kwa mapenzi. Sikumpinga mbele za watu. Nilimwomba sista amweleze mwenyewe: asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka, uzi wa shingoni hunyonga na kubeba vijidudu, na moshi mapafu yale hayauwezi. Akasikia kwa sista kuliko angesikia kwangu. Kisha nikampa kazi: kumlea binti yangu mkubwa na kufua nepi. Adhana haikuhitaji ruhusa ndefu, babake aliadhini kupitia kidirisha cha inkubeta kwa sauti ya chini sana. Akika tuliiahirisha.

Kuhusu pesa, nenda mapema kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, usisubiri siku ya kutoka. Hakikisha michango yako ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, iko sawa, na risiti zote zitie kwenye bahasha moja.

Nawe ni mgonjwa. Mimi nilijifungua mapema kwa sababu ya presha ya mimba, na nilisahau kwamba hiyo presha haiishi siku ya kujifungua. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona vimulimuli, sema upimwe, arobaini yako bado. Na kama siku zinapita huli, hulali hata mtoto akiwa salama, huhisi chochote ukimshika, mwambie sista kwa maneno hayo hayo.

Kitanda cha jirani kinaweza kubaki kitupu asubuhi. Usimkwepe yule mama. Nilikaa naye bila kusema, nikamshikia chai. Baadaye aliniambia wengine wote walikuwa wakitazama sakafu.

Kwenda nyumbani

Tulitoka akiwa na gramu 2,080. Kabla ya kutoka, omba ulale naye siku mbili ukimhudumia peke yako, sista akiwa karibu. Tulivuka feri saa tano asubuhi, msongamano ukiwa umeisha, akiwa kifuani ndani ya buibui.

Nyumbani: alale chali, jiko la makaa liwe nje, mwenye mafua abusu picha. Chanjo hufuata siku ya kuzaliwa, lakini kukaa na kutambaa vihesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa. Rudi hospitali saa ile ile akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kikibonyea, midomo ikiwa bluu, akilegea, akitetemeka kwa degedege, au joto likipita 37.5 ama likishuka chini ya 36.5 na lisipande hata ukimweka kifuani.

Endelea na leso. Mimi niliendelea mpaka karibu kilo mbili na nusu, siku moja akaanza kuisukuma kwa miguu na kulia kila nikimfunga. Nilimpigia simu sista nikiwa na hofu. Akaniambia ndivyo wanavyofanya wakishaweza kutunza joto lao wenyewe, nimfungue.