Laisini kwa nguruwe anayenyonyesha: hesabu gramu, si asilimia

Nguruwe mwenye watoto 10 hutoa kilo 7 hadi 10 za maziwa kwa siku. Protini ya maziwa hayo hutoka kwenye chakula, na chakula kisipotosha hutoka kwenye misuli yake. Katika lishe ya mahindi, asidi amino (vipande vinavyojenga protini) ya kwanza kupungua ni laisini. Ikipungua hiyo, nyingine zinazobaki haziwezi kujenga maziwa. Naitrojeni ya hizo zinazobaki huishia kwenye mkojo.

Anza kwa kupima watoto. Wapime uzito wote siku ya 3 na siku ya 17, kisha gawa ongezeko kwa 14. Kila kilo ya ongezeko la siku huhitaji takriban gramu 26 za laisini. Watoto 10 wanaoongezeka gramu 220 kila mmoja kwa siku hufanya kilo 2.2, yaani gramu 57 za laisini kwa siku.

Mchanganyiko wa kilo 100 unaofikia hapo: mahindi yaliyoparazwa 50, pumba za mahindi 15, mashudu ya soya 22, mashudu ya alizeti 6, dagaa 3, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) 1.8, chokaa ya mifugo 1.3, chumvi 0.5 na premiksi (vitamini na madini) 0.4. Laisini yake ni karibu asilimia 0.98. Akila kilo 6 anapata gramu 59. Akila kilo 4 anapata 39 tu, na hapo ndipo wengi hukwama: chakula ni kizuri, ila hakiliwi.

Kwa hiyo baada ya kuzaa mpe kilo 2, ongeza kilo moja kila siku hadi afike kiwango chake: kilo 2 zake mwenyewe na nusu kilo kwa kila mtoto. Gawa mara tatu. Sehemu za joto, mlo mkubwa uwe alfajiri na usiku. Maji ni lita 20 hadi 40 kwa siku; chuchu ya maji (bomba la kunywea) itoe lita 2 kwa dakika. Akikosa maji hatamaliza chakula, hata ukimbadilishia mchanganyiko.

Soya ikiwa ghali, toa kilo 4 za mashudu yake, weka gramu 130 za L-laisini ya dukani (asilimia 78 yake ndiyo laisini) na ujazie mahindi. Changanya unga huo kwanza na kilo 2 za mahindi, la sivyo utabaki kona moja ya turubai. Usizidishe hapo: ukitoa soya zaidi, valini na thrionini, asidi amino nyingine, nazo hupungua, na laisini ya ziada haitazifidia.

Soya mbichi isitumike kabisa, kwani ina vizuizi vya kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Ukitumia soya nzima iliyokaangwa badala ya mashudu, weka kilo 28 hivi na upunguze mahindi, maana laisini yake ni ndogo kuliko ya mashudu. Dagaa koroga gao moja kwenye ndoo ya maji: mchanga hutuama chini, na mchanga huo umeulipia bei ya protini.

Uti wa mgongo ukianza kuonekana kabla ya wiki ya tatu, au jike akipita siku 7 baada ya kuachisha bila kupata joto (kutaka dume), pima kwanza mabaki ya chakula kwenye hori kabla ya kubadili mchanganyiko.