Namna ya kulinganisha chapa na kuchagua mashine ya kukimbilia nyumbani

Mtu anayetaka kununua mashine ya kukimbilia kwa kawaida huanza kwa kuuliza chapa ipi ni bora, ilhali swali hilo linafaa kuja mwisho. Kampuni moja huweza kutengeneza mashine nyepesi ya kutembelea na mashine nzito ya mkimbiaji, zote zikiwa na nembo ileile, na tofauti kati ya hizo mbili ikawa kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mashine mbili za bei moja kutoka kampuni mbili. Isitoshe, nembo nyingi zinazoonekana kushindana zina mwenye mali mmoja. NordicTrack na ProForm ni za kampuni ya Marekani iitwayo iFIT; Horizon na Matrix ni za Johnson Health Tech ya Taiwan, ambayo mwaka 2024 ilinunua pia mali za BowFlex baada ya kampuni hiyo kufilisika; nazo Spirit na Xterra ni za Dyaco, ambayo pia ni ya Taiwan. Kwa sababu hiyo, linganisha modeli kwa modeli, tena kwa kutazama sehemu zinazochakaa.

Kabla ya kufungua orodha yoyote ya bidhaa, amua ni nani atakayeitumia mashine na ataitumia kwa kazi gani. Ikiwa watumiaji ni wengi, vipimo vifuate mzito kuliko wote, mrefu kuliko wote na mwenye mbio kuliko wote. Anayetembea tu atatosheka na mkanda, yaani sehemu ya kukanyagia inayozunguka, wenye upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 120 hadi 130. Anayekimbia anahitaji upana wa sentimita 50 au zaidi na urefu usiopungua sentimita 140, na akiwa mrefu wa kimo atafute mkanda unaokaribia sentimita 150. Hatua hurefuka kadiri kasi inavyopanda, na mkimbiaji aliyebanwa na mkanda mfupi hujifunza kukata hatua na kutazama miguu yake muda wote, jambo linaloharibu mwendo wake. Uzito unaoruhusiwa na mtengenezaji nao uzidi uzito wa mtumiaji kwa kilo 20 hivi, maana mguu wa anayekimbia hutua kwa kishindo kinachozidi sana uzito wake akiwa amesimama.

Mota ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi, kwa kuwa matangazo yake hujaa namba za nguvu za farasi. Kuna nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi sana, na kuna nguvu endelevu, ambayo mota huweza kuitoa mfululizo. Ya pili ndiyo yenye maana kwako. Kwa kawaida hupendekezwa nguvu endelevu ya farasi 2 kwa kutembea, 2.5 kwa mbio za polepole, na 3 au zaidi kwa anayekimbia kwa bidii mara nyingi katika wiki. Hata hivyo, hata namba hizo zipimwe kwa hesabu rahisi: nguvu ya farasi mmoja ni wati 746 hivi, kwa hiyo farasi 4 ni karibu wati 3,000. Soketi ya kawaida ya Marekani, yenye volti 120 na ampea 15, haivuki wati 1,800. Mashine inayochomekwa kwenye soketi ya namna hiyo, kisha ikajisifu kwa farasi 4, haiwezi kuzitoa kwa nusu saa nzima. Ndiyo maana nashauri usome kibandiko kilichogongwa kwenye fremu au karibu na waya wa umeme, mahali zinapoandikwa volti, ampea na wati, ukatumie namba hizo kulinganisha mashine za kampuni tofauti. Hapohapo utahakikisha kwamba volti zake zinalingana na umeme wa nyumbani kwako.

Chini ya mkanda kuna ubao, na mbele na nyuma yake kuna rola mbili zinazouzungusha mkanda. Rola nene huupinda mkanda kwa upole na kuipunguzia mota kazi, kwa hiyo uliza kipenyo chake: milimita 60 ni nzuri kwa nyumbani, na chini ya 45 ni dalili ya mashine ya kutembelea. Uliza pia kama mkanda unahitaji kupakwa mafuta ya silikoni na kila baada ya muda gani, kwa sababu mkanda mkavu huongeza msuguano, na msuguano huichosha mota na saketi zake. Ufyonzaji wa mshtuko hauhukumiwi kwa maelezo ya karatasini. Kimbia juu ya mashine yenyewe, ukiwa na viatu unavyovitumia, kwa dakika kumi au zaidi, huku ukitazama kama fremu inayumba.

Kuhusu mwinuko, utafiti wa Jones na Doust uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mkanda ukiinuliwa kwa asilimia 1, nishati inayotumika hukaribia zaidi ile ya kukimbia nje. Mwinuko wa asilimia 10 au 15 unamfaa anayetaka kutembea kama anayepanda mlima kwa ajili ya moyo na misuli, asiyeutaka asiulipie.

Sasa chapa ndiyo inapata nafasi yake. Soma dhamana ukitenganisha fremu, mota, vipuri vingine na malipo ya fundi. Dhamana ya maisha ya fremu inasikika vizuri, lakini fremu hufa mara chache. Kinachokufa ni mkanda, saketi na skrini, na huko ndiko miaka ya dhamana hupunguzwa. Angalia kama dhamana inabatilika mashine ikiwekwa gereji. Uliza nani anauza vipuri unakoishi, na kama skrini bado inaonyesha kasi na kubadili mwinuko bila ada ya kila mwezi. Kampuni isiyojibu maswali haya kabla ya kulipwa, usitarajie ijibu baadaye.

Nafasi ya chumba ipimwe kwa umakini uleule. Acha mita 2 nyuma ya mashine na nusu mita kila upande, kisha jumlisha kimo cha mtumiaji, kimo cha ubao kutoka sakafuni na sentimita 15 za ziada, uone kama dari inaruhusu. Penye watoto, ufunguo wa usalama, ambao bila huo mkanda hauzunguki, uchomolewe na ufichwe kila baada ya mazoezi. Mei 2021 kampuni ya Peloton iliwataka wateja wake wa Marekani waache kutumia na warudishe mashine za Tread+, baada ya mtoto mmoja kufa na wengine kujeruhiwa kwa kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma.

Mashine ikishafika, ipime kabla muda wa kuirudisha haujapita. Ikiwa imezimwa, bandika utepe ukingoni mwa mkanda na upime urefu wa mzunguko wake wote. Kisha iwashe kwa kilomita 10 kwa saa na urekodi mizunguko 20 kwa video ya simu. Mkanda wa mita 3 utakuwa umekwenda mita 60, na kasi ikiwa ya kweli utatumia sekunde 21.6. Rudia kipimo hicho mtumiaji mzito kuliko wote akiwa anakimbia juu yake. Sekunde zikiongezeka kwa kiasi kinachoonekana, mota imelemewa, na mashine hiyo irudishwe.