Kabla ya Kwenda Gujarat: Simba, Ngazi na Goma

Nilipowaambia wenzangu Mombasa kwamba nakwenda India kutazama simba, walicheka. Tsavo iko hapo tu. Lakini simba wa Asia hayuko porini popote duniani isipokuwa Gujarat, ndani ya msitu wa Gir na kandokando yake. Sensa ya 2025 ilihesabu 891. Tena njia hiyohiyo ina hekalu la Somnath, mji wa Palitana na vijiji vya Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Shida ni kwamba kila mahali pana kalenda na masharti yake.

Kwa hiyo anza na tarehe, tiketi ya ndege baadaye. Upepo uleule wa kusi tunaoujua pwani ndio unaovuka bahari kuwapelekea wao mvua, na Gir hufungwa kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba. Kilima cha Shatrunjaya pale Palitana, chenye mahekalu zaidi ya 800 ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, nacho hakipandwi na mahujaji wakati wa mvua. Mei joto hupita nyuzi 40. Inabaki Novemba hadi Februari, na hapo pia ikwepe wiki ya Diwali, maana familia nzimanzima za Kigujarati huwa likizoni na vyumba huisha. Anayetaka kucheza garba, dansi ya Kigujarati, usiku tisa wa Navratri ajue kwamba sikukuu hiyo huangukia Septemba au Oktoba, mara nyingi msitu ukiwa bado umefungwa. Itabidi achague.

Kibali cha kuingia Gir kinakatwa mtandaoni mapema, kwa namba ya pasipoti, na pasipoti hiyohiyo halisi ndiyo huonyeshwa getini. Kama yako inakaribia kuisha, ibadilishe kabla ya kukata kibali. Ukikosa nafasi kuna Devalia, eneo lililozungushiwa uzio, ila Jumatano hufungwa. Gari ni la wazi na alfajiri ya Januari ina baridi. Mimi nilijifunika taulo la hoteli, wewe chukua sweta.

Viza huombwa mtandaoni. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau kadi ya homa ya manjano, na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usichome mkesha wa safari. Bila kadi unaweza kuwekwa karantini. Soketi za huko ni za matundu ya duara, plagi zetu za pini tatu bapa haziingii. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku nchi nzima tangu 2019. Pombe ni marufuku Gujarat tangu jimbo lilipoundwa 1960. Mgeni anaweza kuombewa kibali, lakini mimi naona siku kumi za chai ya maziwa hazijamuua mtu.

Sasa mahekalu. Somnath huingii na simu, kamera wala begi. Vyote huachwa nje. Andika namba ya dereva kwenye karatasi, la sivyo utatoka na kusimama katikati ya watu elfu bila kujua umpate vipi. Asiye Mhindu wa dini anaweza kuambiwa aombe ruhusa ofisini kwanza, basi fika na muda wa kutosha.

Palitana ndiko nilikoumbuka. Ngozi haipandi kilimani: viatu, pochi, hata mkanda. Nilivua mkanda wangu chini, nikapanda ngazi zaidi ya 3,500 nimeshika suruali kwa mkono mmoja, na akina mama wa makamo wakinipita. Vaa suruali ya kamba. Anza kabla jua halijachomoza, kwa sababu juu hakuliwi chakula, na kabla ya giza wote hushuka, makuhani pia; hakuna anayelala kule. Kuna wachukuzi wa machela, bei patana kabla hujaketi. Mwenye magoti mabovu aende Girnar, mlima mwingine wa mahekalu karibu na Junagadh, ambako tangu 2020 kuna gari la kamba linalopita angani na kupunguza sehemu kubwa ya ngazi.

Jambur, karibu na Gir, ni kijiji cha Wasidi. Usitarajie Kiswahili, ni Wagujarati kwa lugha, na wengi ni Waislamu. Niliposema "ngoma", mzee mmoja alinisahihisha: "goma." Usiende na kamera mbele kama unakwenda kutazama simba wengine. Nilifika asubuhi nikakuta vijana wako kazini na ngoma zimetundikwa ukutani. Tuma mtu siku moja kabla, mkubaliane saa na malipo, na uwe na rupia za noti ndogo.